Mkanda Hauoshwi

Mkanda wangu wa kwanza wa kunolea wembe niliufua kwa sabuni ya unga. Naliweka hili mbele kabisa ili nikianza kumsema Fundi, msomaji ajue anasemwa na mtu wa namna gani. Ulikuwa mkanda mpya wa ngozi ya maksai, mrefu kama mkono wangu, na Fundi alikuwa ameushindilia mafuta ya mkia wa kondoo mpaka ukang'aa kama paji la bibi harusi. Mimi nikaona uchafu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimesoma elimu ya viumbe, najua kwamba mafuta hukamata vumbi. Nikautia beseni, nikausugua kwa brashi ya viatu, nikauanika kwenye kamba ya shangazi katikati ya shuka zake. Jua la Garsen halina utani. Kufika adhuhuri mkanda ulikuwa umejikunja kama samaki wa ng'onda, mgumu, unanuka kama kiatu kilichofia mvuani. Nikaufunga kwenye gazeti, nikampelekea Fundi kama mtu anayepeleka maiti ya paka wa jirani.

Akaufungua magotini. Akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule.

"Mwanangu, umeuosha?"

"Nimeufua, Fundi."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

Nilitarajia matusi. Badala yake akainuka, akaita watu. "Ndooni! Ndooni muone! Kijana amenifulia mkanda! Kesho atanifulia ng'ombe mzima na kwato zake!" Wakaja wauza mbuzi, wakaja makuli, akaja na jirani yangu Mama Rukia na mwiko wa kukaangia mahamri mkononi. Walipokwisha kucheka wakatawanyika, Fundi akanikalisha, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya nyumbani: "Mkanda hauoshwi. Mkanda hupakwa. Ukiuosha umemuua yule mnyama mara ya pili."

Akanipa mwingine, na ule ulioharibika akabaki nao. Alisema ataufufua. Mimi nikaondoka nimeshaingia mtegoni mwake, na nilikaa humo kwa raha mpaka mwaka wa maji na baada yake.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, kwa sababu kila aliyemuuliza alipewa jibu lake mwenyewe na yote yalikuwa matamu. Lafudhi yake ilikuwa ya upande wa Kipini: njia kwake ni ndia, leo ni yeo. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya mnada wa mifugo, na kazi yake ilikuwa hiyo moja tu, kutengeneza mikanda ya ngozi ya kunolea nyembe za kukunja, zile za vinyozi wa zamani. Ukitaka ala ya kisu anakwambia nenda kwa fundi viatu. Ukitaka kiatu anakwambia nenda pekupeku, Mungu amekupa nyayo.

Mimi nilikuwa kinyozi. Nilikuwa na kiti kimoja cha mbao kwenye baraza ya shangazi yangu, kioo kilichopasuka kona, kipande cha shabu cha kukatia damu, na wembe wa kukunja niliorithi kwa mjomba. Niliichagua kazi ile kwa sababu ndiyo pekee niliyoijua ambayo mwenyewe hukaa nyumbani, na wengine ndio wanaosafiri. Mimi safari siziwezi. Nikienda sokoni tu nawaza kitanda changu. Malindi nimefika, nikarudi siku ile ile, na mpaka leo nikisimulia Malindi utadhani nimetoka Hija. Baraza ya Mama Rukia ilipakana na yetu kwa ukuta mmoja mfupi. Yeye akiuza chai na mahamri, mimi nikinyoa, na wateja wetu walikuwa hao hao: wanaingia kwake na njaa, wanatoka kwangu na upara.

Kila alasiri, akishatoka msikitini, Fundi alikuja na kigoda chake akakaa karibu na kiti changu. Hakuja kunywa chai, ingawa aliinywa. Alikuja kuusikiliza mkanda. Nikinoa vibaya aliniacha nimalize, kisha akasema, "Umemkasirisha." Alikuwa na msemo wake: jiwe huukasirisha wembe, mkanda huutuliza. Akinifundisha kwamba wembe hutembea kwenye ngozi kwa mgongo, makali yakifuata nyuma, kama mtu anayetoka chumbani kwa wakwe. Ukitangulia na makali umekata mkanda na umekata urafiki. Mimi nikivuta, ngozi ikilia chwaa, chwaa, naye kafumba macho. Wateja waliketi na povu kichwani wakitungoja sisi wawili tumalize muziki wetu. Mzee mmoja wa Kiorma, mteja wangu wa tangu mwanzo, ambaye sote tulimwita Abba, alizoea kusema: "Nyinyi wawili mtanyoa ngozi, kichwa yangu itangoja?"

Huko mnadani ndiko ungemwona Fundi alivyo. Hakununua ngozi ya ng'ombe jike, alisema imenyooshwa na uzazi. Hakununua ya fahali, alisema ina hasira. Alitaka maksai aliyezeeka taratibu, na alitaka mgongo tu. Waorma huwapiga mifugo wao chapa ya moto, na Fundi alipitisha kidole juu ya chapa, akatikisa kichwa. "Hapa imelia," anasema. "Wembe ukipita hapa utakumbuka moto." Muuzaji anaapa kwamba ngozi haikumbuki kitu. Fundi anamwambia, "Na wewe ulipigwa na babako utotoni, mgongo wako haukumbuki?" Watu wanacheka, bei inashuka, na Fundi anaondoka na ngozi begani akinuka kama zizi na kutembea kama waziri.

Kisha ndipo kazi inaanza. Ngozi hulala kwenye chokaa mpaka nywele ziachie, hukwanguliwa, hulazwa tena kwenye maji mekundu ya magome ya mkoko anayoletewa kutoka Kipini, hutandazwa kwa vigingi kivulini, kamwe si juani, naye hunitazama mimi anapofika hapo. Halafu hupigwa kwa nyundo ya mti, husuguliwa kwa kitako cha chupa ya soda, hupakwa mafuta ya kondoo yaliyopashwa kidogo tu. Mwisho aliupiga mkanda pajani, mara moja, akausikiliza. Kama sauti haikumpendeza aliurudisha majini. Nilimwona akiirudisha mikanda ambayo mimi ningeipigia magoti.

Basi ukimsikia mtu hivi utadhani ni mtu wa haki. Alikuwa wa haki kwa ngozi. Kwa watu, tuseme alichagua. Siku moja alikuja mfanyabiashara kutoka Malindi, amevaa miwani ya jua, akataka kununua mikanda yote iliyopo akauzie watalii waitundike ukutani. Fundi akasikitika sana. Akamshika mkono. "Laiti ungekuja jana, mwanangu. Yeo sina hata moya. Wallahi nimebaki na mikono mitupu." Yule bwana akashukuru, akaenda zake kwenye basi. Fundi alikuwa amekalia mikanda mitano. Alipoinuka ilikuwa bado na joto. Nilicheka siku ile mpaka nikamwagia chai suruali. Nikawasimulia watu kwa wiki kadhaa jinsi Fundi alivyoapa huku ameikalia. Halikunipitia hata mara moja wazo kwamba aliyemudu kumwapia mgeni kwa uso ule ule mtulivu anaweza akamwapia na mwenyeji. Niliona ni kipaji.

Jambo jingine nililoliona nikalitia kwenye hesabu ya vipaji lilikuwa kidevu chake. Fundi hakuwa na ndevu. Kidevu chake kilikuwa laini kila siku ya Mungu, na kichwa pia. Lakini kwenye kiti changu hakukaa hata siku moja. Nilimkaribisha mara nyingi, bure, kwa heshima. "Kaa Fundi, nikutoe vumbi." Naye: "Kichwa cha mwalimu hakishikwi na mwanafunzi." Wengine walisema anajinyoa mwenyewe, wengine wakasema haiwezekani, kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Mama Rukia alisema, "Muulizeni ananyolewa na nani, huyo ndiye kinyozi hodari, twende kwake." Tukacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Mimi na kicheko changu, wakati mwingine natamani kingepakwa shabu kikakatika kama damu.

Halafu yakaja maji, yale watu waliyoyaita elnino. Tana ikatoka kitandani mwake kama mgonjwa aliyechoka kuuguzwa, ikaja mpaka mlangoni, ikaingia bila hodi. Tulihamia juu kwenye tuta la barabara, sisi na mbuzi na nyoka. Barabara ya Malindi ikakatika. Watu waliokoa magodoro, sufuria, redio. Fundi alikuja ndani ya maji ya kifuani amebeba mikanda yake kichwani, imefungwa kwa nailoni, na godoro lake ameliachia mto. Mimi niliokoa kiti cha kunyolea. Shangazi hajanisamehe, maana cherehani yake ilibaki.

Nitasema neno la aibu: zile zilikuwa siku zangu nzuri kabisa. Miaka michache kabla ya maji vilikuwa vimeanza kuingia maduka ya kwetu vile viwembe vyembamba vya kufungwa karatasini, unafungua, unatumia, unatupa, na vijana wa steji ya mabasi walikuwa wameanza kuvishabikia. Sasa barabara haipo, viwembe havipo. Wembe wangu wa mjomba na mkanda wa Fundi ndivyo vilivyokuwa vikinyoa Garsen yote juu ya lile tuta. Watoto walionyolewa nywele za arobaini, wazee wa Ijumaa, maaskari, wote walipanga foleni mbele yangu na maji pande zote mbili. Fundi akasimama kando kama mwenye harusi. "Mnaona?" anawaambia. "Dunia ikizama, kitabaki nini? Ngozi na chuma!" Nami nikavuta wembe, chwaa, chwaa, nikijiona nabii.

Ila Abba hakuja. Nilimwona upande wa pili wa tuta na ng'ombe wake waliobaki, kichwa chake kimeota nywele nyeupe kama uyoga. Nikampungia wembe. Akanipungia mkono, akageukia ng'ombe. Nikadhani ni majonzi ya mifugo.

Maji yalipopungua na barabara ikashonwa, lori la kwanza lilileta unga, la pili likaleta viwembe. Na nyuma yake akaja nesi wa zahanati na kipaza sauti. Watu walikuwa wanakufa siku zile kwa ule ugonjwa, tunawazika, hatuutaji. Nesi aliutaja. Alisimama katikati ya njia, mbele ya baraza yetu hasa kwa sababu ndiko kuliko na kivuli, akasema kila kichwa kiwe na wembe wake, na anayeshikilia wembe mmoja wa watu wote autie dawa kila mara. Mimi nilikuwa nimeinama naupaka mkanda mafuta. Fundi, kwenye kigoda chake, akaninong'oneza, "Sauti yake haijatulizwa. Ipitishe kwenye mkanda." Nikabana kicheko puani. Kwa hiyo kusema kweli maneno yenyewe niliyasikia nusu.

Nusu niliyoisikia niliitimiza. Nikanunua dawa, nikawa nauchovya wembe kila baada ya kichwa. Nikaona nimemaliza. Mpaka akaja kijana mmoja wa steji, akakaa, akanitazama kwenye kioo.

"Buda, ngoja kwanza. Umeosha wembe, si ndio?"

"Nimeosha, si unaona."

"Halafu sasa unaupangusia kwa hiyo ngozi?"

"Naunoa."

"Hiyo ngozi imepangusa nani na nani?"

"Mkanda hauoshwi," nikamwambia, kwa sauti ya Fundi kabisa, hata lafudhi ya Kipini ilinitoka.

Akainuka akatoa kile kitambaa shingoni, akakikunja vizuri, akakiweka kitini. "Basi mimi sitaki. Hiyo ni wembe ya ukoo." Akaenda kwa yule wa karibu na mabasi, aliyekuwa akifungua kiwembe kipya kila kichwa na kuitupa karatasi chini ili watu waione.

Jioni ile nilimuuliza Fundi. Nataka hili lieleweke, maana ndipo palipo na kidonda. Nilimuuliza kwa maneno ya wazi, mbele ya kiti changu: "Fundi, nibadilishe? Na mimi ninunue vile vya karatasi?" Baraza ndiyo iliyokuwa riziki yangu, na shangazi alikuwa ameshaanza kuitazama kwa jicho la mtu mwenye magunia ya makaa yasiyokuwa na pa kukaa. Kama angesema badilisha, ningebadilisha kesho yake asubuhi. Sina ushujaa wowote, nilikuwa nangoja kuruhusiwa tu.

Fundi aliushika mkanda, akaupitisha baina ya vidole vyake, polepole, kutoka juu mpaka chini.

"Ngozi hii imelala kwenye magome na chokaa," alisema. "Hakuna mdudu anayekaa hapa. Wallahi, mwanangu. Hao wanacheza, watarudi. Watu huenda mbio kwa kipya, wakikatwa wanarudi kwa kinachotuliza. Wewe kaa."

Nikakaa. Kukaa ndicho ninachokijua.

Baadaye kidogo akaniaga. Alisema anakwenda Bangale, huko juu ndiko kumebaki maksai wa kweli, atarudi na mgongo wa ngozi ambao Garsen haijaona, na mkanda wa kwanza ni wangu. Nikamfungia mahamri ya Mama Rukia ya safarini. Na mimi, ambaye hata mvua ikinyesha sitoki kuitazama, nikawa kila gari linaloteremka kutoka juu natoka mpaka steji kuangalia. Mama Rukia ananiuliza, "Unangoja mgeni?" Namwambia, "Nangoja ngozi." Wateja walipungua mpaka nikawa najinolea tu wembe usiokwenda popote. Mjukuu wa Mama Rukia, niliyemnyoa tangu kichwa chake kikiwa kama embe dodo, naye akaacha kuja. Bibi yake alisema mtoto siku hizi anaogopa wembe. Mwisho shangazi alileta gunia la kwanza la makaa, akaliegemeza kwenye kiti. Gunia la pili nilimsaidia kulibeba.

Yapata mwaka baadaye tulifiwa na jamaa Tarasaa, na shangazi akasema matangani nitakwenda mimi kwa sababu sina kazi. Nilikwenda nikiwa na ndevu za mtu aliyekata tamaa. Kinyozi hajinyoi, na mimi kwa kunyolewa na mwingine nilikuwa bado naona haya. Tulipomaliza kuzika nikatoka kidogo kutafuta chai, na kwenye safu ya vibanda vya mabati nikasikia kicheko cha watu, halafu nikasikia sauti.

"... akaufua kwa sabuni! Kwa sabuni, jamaa! Akauanika na shuka za shangazi yake! Akaniletea kwenye gazeti kama samaki!"

Nikasimama nje. Kwanza nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi hata leo, kwamba kitu cha kwanza kilichonijia kifuani ni furaha: Fundi amerudi kutoka Bangale. Nikasogea. Ndani ya kibanda kulikuwa na kiti cha kunyolea, kioo kizima, na meza ndogo iliyopangwa pakiti za viwembe vya karatasi mpaka juu. Kwenye msumari, mkanda wangu, ule niliouua kwa sabuni, umetundikwa umejikunja vile vile. Ulikuwa pambo. Ulikuwa wa kusimulia wateja. Na kitini, kichwa chake kiking'aa, alikuwa Abba.

"Kinyozi!" Abba aliniona wa kwanza kwenye kioo. "Wewe iko hai? Sisi nasikia wewe nafunga."

"Nimefunga, Abba."

Kicheko kikakatika. Fundi alinitazama, akatazama ndevu zangu, akainua kiwembe kidogo kama mtu anayetaka kukificha na hana mfuko.

"Na Bangale, Fundi?"

"Bangale kuna vumbi, mwanangu," alisema taratibu.

Abba, ambaye hakuwa na habari ya chochote na alitaka tu kunipa pole ya kazi, akanishika mkono. "Wewe usione mbaya mimi naacha kuja. Fundi yako ndio alisema mimi. Wakati ya maji, tuko juu ya barabara pale. Alisema, Abba, ngoja, nywele haiui mtu. Barabara ikifunguka wembe mpya itakuja. Ile ya Kinyozi inaingia kila kichwa, na ile ngozi haioshwi. Mimi nikaambia vijana yangu wote."

Wakati wa maji. Nikamwona Fundi juu ya tuta, mikono imeenea, dunia ikizama kitabaki nini. Na mimi katikati, nikivuta.

Abba akalipa, akanipiga bega, akaenda zake. Wale wengine, watu wa Tarasaa wenye adabu, wakakumbuka wana shughuli.

"Ulimwambia yeye," nikasema.

"Nilimwambia kweli."

"Na mimi uliniambia nini?"

Akachukua kitambaa akakung'uta nywele za Abba, akapanga pakiti ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Nilikuuliza, Fundi. Nilikuuliza, nibadilishe?"

"Uliniuliza umeushika mkanda wangu mkononi," alisema. "Umeupaka wewe mwenyewe asubuhi ile, vizuri, mpaka kwenye pindo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiupaka tena, si Lamu, si Witu, si popote. Ulikuwa umebaki wewe tu. Wale walikuwa wanataka kunyolewa, nikawaambia yanayohusu kunyolewa. Wewe ulikuwa unakuja kunisikiliza. Ningekwambia uache, mimi ningekuwa fundi wa nani?"

"Kwa hiyo ukaniacha mimi nizame na mkanda."

"Nilidhani utachoka mwenyewe," alisema. "Sikujua kwamba wewe huchoki kukaa."

Nilikuwa na maneno mengi. Nimeyapanga tangu siku ile, ni mazuri, nikiwa peke yangu huyasema yote na Fundi hulia. Siku yenyewe niliutazama tu ule mkanda msumarini. Akakipangusa kiti kwa kiganja. "Kaa nikunyoe," alisema. "Wembe mpya. Utaona mwenyewe ninaufungua." Na mimi, Mungu anisitiri, nikakaa.

Akanipaka povu. Akachana karatasi mbele ya macho yangu, akatoa kiwembe, na mkono wake ukaenda wenyewe kule msumarini, mgongo wa wembe mbele, kama alivyonifundisha. Ukafika karibu kabisa na ile ngozi iliyojikunja, ukasimama hewani. Tuliuona sote wawili kwenye kioo. Akaurudisha mkono, akaanza shavuni. Ananyoa vizuri, lazima niseme. Hakunikata hata kidogo. Niliwaza kuwa sasa angalau najua kidevu chake kilikuwa kikinyolewa na nini miaka yote ile. Alipomaliza nilikuwa na uso kama wa mtoto, naye akaniuliza kama shangazi hajambo.

Nikamwambia hajambo.

Nilirudi Garsen na gari la jioni, nimekaa dirishani nikijishika mashavu. Sikuingia nyumbani. Niliruka ule ukuta mfupi, nikakaa kwenye benchi la Mama Rukia, nikamsimulia yote kuanzia matanga mpaka msumari. Nilitaka aseme lolote, hata ole wake. Yeye alikuwa akikanda unga wa kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, halafu akapangusa mikono kwenye leso, akanitazama lile shavu langu laini.

"Mjukuu wangu nilikuwa nampitisha nyuma ya nyumba kwenda kunyolewa steji usimwone," alisema. "Nesi alikuja na kipaza sauti akasimama mlangoni kwako, Kinyozi, ukacheka. Sasa ulitaka Fundi akwambie nini?"